Silikoni iliyoganda kwenye sampo ya 1NZ

Mkuu, umeuliza utaitoaje silikoni ya zamani, ile gundi ya kuzuia oili isivuje, kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na bloku (mwili wa injini) ya Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ, maana umepaka petroli na bado imeng'ang'ania. Petroli haiyeyushi silikoni iliyokauka, inailainisha kidogo tu. Kwa hiyo lowanisha kitambaa kwa dawa ya kusafishia breki, kilaze juu yake dakika kumi na tano hivi, halafu ndiyo uanze kukwangua.

Sampo ya chini ni ya bati, hiyo kwangua kwa wembe bila hofu. Bloku ni aluminiamu, na hapo weka bisibisi pembeni kabisa. Ikiteleza mara moja inaacha mfereji, na oili itapita humo humo hata umalize tyubu nzima. Tumia kipande cha plastiki ngumu ulichokinoa ukingo, ukilaze karibu na chuma, usukume taratibu. Silikoni itanyanyuka kama utepe.

Msasa wa drili tafadhali usiuguse. Nimewahi kufungua injini iliyosafishwa hivyo: chembe zilikuwa zimeingia kwenye oili, na bearingi za kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) zilikuwa na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha. Iliniuma, maana ilikuwa injini nzima kabisa.

Ziba matundu ya injini kwa matambara kabla hujaanza kukwangua. Ukimaliza, futa kwa dawa ile ile mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Mafuta yakibaki hata kidogo, silikoni mpya haitashika.