Uvimbe una nini ndani?

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea swali lako na nimelisoma kwa utulivu. Majibu ya ultrasaundi uliyopewa huko Arusha yanasema kwamba una sisti ya kawaida ya sentimita 4 katika ovari ya kulia, nawe unataka kujua kama huo ndio uvimbe uliosababisha shangazi yako aondolewe kizazi. Sivyo, mwanangu. Shangazi alikuwa na faibroidi, ambayo huota kutokana na misuli ya mji wa mimba. Ni nyama ngumu, si kifuko cha maji. Sisti ni kifuko chenye ukuta wake, na ndani yake huwa na maji, ute, mafuta au damu. Jipu nalo ni jambo la tatu: hutokana na bakteria, hujaa usaha, huwa na joto na huuma likiguswa. Yote matatu huku kwetu huitwa uvimbe, na katika miaka yangu ya uuguzi nimewaona wanawake wengi wakilia wodini kwa hofu ya ugonjwa wasiokuwa nao, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza uvimbe wao una nini ndani.

Daktari anaposema sisti ni ya kawaida, anamaanisha kifuko kimoja chenye ukuta mwembamba na maji maangavu, kisichogawanyika vyumba wala kuwa na kinyama ndani. Kila mwezi ovari hukuza kijifuko cha yai, ambacho kikifikia kama sentimita 2 hupasuka na kuliachia yai. Mwezi mwingine hakipasuki, huendelea kujaa maji, na mara nyingi hicho ndicho kinachoonekana kwa wanawake wa umri wako. Kwa kawaida hunywea chenyewe ndani ya miezi 2 au 3. Ndiyo maana hukuandikiwa dawa, na ndiyo maana pia wauzaji wa dawa za kuyeyusha uvimbe hupata sifa wasizostahili: mgonjwa hunywa chupa zao, hupimwa tena baada ya miezi hiyo, kifuko hakipo, na chupa ndiyo inayoshukuriwa. Nakusihi usizinunue.

Zipo sisti nyingine ambazo kwa kawaida haziondoki zenyewe. Dermoidi huwa na mafuta, nywele na pengine hata meno, nayo si uchawi kama baadhi ya watu wanavyonong'ona. Hutokana na seli za yai, ambazo zina uwezo wa kuunda tishu za kila namna. Endometrioma hubeba damu nzito ya zamani, na wengi walio nayo huumia sana wakati wa hedhi. Majibu yako hayakutaja lolote kati ya haya.

Ukirudi kliniki, muulize daktari kipimo kirudiwe lini. Lakini ukipata maumivu makali ya ghafla upande huo wa kulia, hasa yakiambatana na kutapika, usiingoje tarehe hiyo, kwa kuwa ovari yenye sisti huweza kujisokota ikakosa damu. Nenda Hospitali ya Mount Meru saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane, na unipigie simu ukiwa njiani ili nami nianze safari ya kuja.

Mama yako