Mwanamke akikemea barazani huitwa mwenye mdomo

SWALI: Mimi ni mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji mkoani Lindi. Hivi karibuni walikuja ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba la mikorosho, mmoja akidaiwa kung'oa minyaa ya mpakani usiku na kuipanda upya hatua nne ndani ya shamba la mwenzake. Nilipomtaka aache kuzunguka na ajibu alichoulizwa, watu waliguna kwamba nina mdomo. Mzee aliyeketi kando yangu akauliza jambo lile lile, tena kwa ukali zaidi, akasifiwa kuwa ana msimamo. Je, kosa ni langu?

JIBU: Kosa si lako, mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wajumbe watatu kati ya saba wa baraza wawe wanawake, lakini haikuweza kuwapangia watu namna ya kuwasikiliza. Wala si kweli kwamba mila zetu hazimjui mwanamke msuluhishi. Ndoa inapoyumba, shangazi au somo, yaani kungwi aliyemfunda bibi harusi, huitwa chumbani, husikiliza pande zote mbili, hukemea bila kutafuna maneno, na asubuhi wazee wa kiume huketi mkekani kutangaza suluhu aliyokwisha kuipata usiku. Ukali wake haumshangazi mtu. Kinachowashtua ni kuusikia hadharani.

Huko Wajir, Kenya, koo zilipokuwa zikipigana mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake, akiwemo mwanaharakati wa amani Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakihakikisha kwamba hakuna anayezuiwa kuuza au kununua kwa sababu ya ukoo wake, ndipo wakawaendea wazee, ambao mwaka 1993 walitia saini Azimio la Al-Fatah la kurejesha amani. Wapo wanaousimulia mkasa huo kama ushahidi kwamba mwanamke huzaliwa mpole. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa soko lenye uhasama halisimamiwi kwa upole mtupu.

Kwa hiyo usiipunguze sauti yako. Mwombe mwenyekiti atangaze mwanzoni mwa kikao zamu ya kila mjumbe kuuliza, ili wasikilizaji wajue kwamba swali ni la baraza, na katibu aliandike pamoja na jibu lake. Na kama ndugu hao bado hawajapatana, nendeni nyote shambani mkaitikise minyaa hiyo, maana iliyopandikizwa juzi haiwezi kuwa imeshika ardhi kama ya zamani.