Mama amepooza, watoto tuko mbali: tufanyeje?

Pole sana, ndugu. Umesema mama ana miaka 78, amepooza upande mmoja, yuko kijijini Tandahimba, nanyi mko Dar.

Anzia kwa mtendaji wa kijiji akupe barua ya utambulisho, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuomba msamaha wa matibabu, unaowahusu wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Beba kitambulisho chenye umri. Bila hicho safari inaweza kuwa bure. Ulizia pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe anapita kumwona.

Mlezi awe mmoja, anayelipwa kwa tarehe inayojulikana. Msiseme "yeyote atakayekuwepo", maana Oktoba korosho zikianza kuanguka, wote wako shambani.

Kwangu kubwa kuliko yote ni vidonda vya kulalia. Mama ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, kwa hiyo mlezi anahitaji wa kumpokea. Kagueni kila siku kiuno, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: gusa, usikie joto au ugumu. Ukiukuta, asilalie hapo tena, wala msipachue. Kuchua huumiza nyama ya ndani.

Alishwe akiwa ameketi, uji mzito kidogo, na asilazwe kabla ya nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, mpelekeni kituo cha afya, chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni.