Nyama ya Krismasi ya Cork: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na mkeo msalimie sana. Umeniuliza ile nyama ya ng'ombe ya Krismasi tuliyokuwa tukila hapa Cork, nyeusi nje na nyekundu ndani, inatengenezwaje, na uweke nini kingine mezani ili wakwe zako wa Toronto waonje Krismasi ya Ireland. Nimefurahi umeanza na nyama hiyo. Bata mzinga wanamjua. Nyama ya viungo ndiyo ya Cork.

Hapa ulituona tukiinunua tayari. Wauza nyama wa English Market, lile soko lililofunguliwa mwaka 1788, huitia chumvi na viungo wenyewe, na Desemba ikifika unasimama foleni tu. Wewe itabidi uanze mwenyewe, siku kama kumi kabla ya mkesha.

Nunua kilo 2 za nyama ya paja isiyo na mfupa, kipande kimoja kizima. Changanya chumvi gramu 100, sukari ya kahawia gramu 75, pilipili manga ya kusaga vijiko 2 vya chakula, na vijiko 2 vya allspice, zile punje za Jamaika zinazonukia karafuu na mdalasini kwa pamoja, nazo uzisage. Ongeza kijiko cha chai cha karafuu ya unga na kingine cha basibasi. Karafuu tumia zile za Muheza alizotuma shangazi yako. Za dukani hukaa kwenye chupa mpaka harufu inakwisha. Isugue nyama kila upande, iweke kwenye bakuli la kioo, funika, ingiza kwenye friji siku 7. Kila siku igeuze na uipake tena maji yaliyotoka. Hayo maji usiyamwage, ndiyo yanayofanya kazi. Wekundu hutokana na shura, ile chumvi ya kuhifadhia nyama, ambayo hutaipata kirahisi. Usihangaike. Bila shura itakuwa ya kahawia, na ladha haipungui.

Siku ikifika isuuze, ifunike kwa maji baridi na uichemshe polepole kama saa 3, mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Moto ukiwa mkali itakuwa kamba za katani. Watu wa hapa humimina na chupa ya bia nyeusi, na watakuapia iwe Murphy's au Beamish, bia za Cork, siyo Guinness ya Dublin. Mimi naona maji yanatosha. Iache ipoe humohumo, kisha ikandamize kwa kitu kizito usiku kucha ndani ya friji. Huliwa baridi, vipande vyembamba sana, na mkate wa soda, ule unaoumuliwa kwa magadi bila hamira, na siagi nyingi.

Mkweo akiuliza kwa nini Cork, mwambie bandari. Karne ya 18 mapipa ya nyama ya chumvi yalitoka hapa kulisha meli za kivita za Uingereza na mashamba ya Karibi. Maskini wa Ireland waliowachunga hao ng'ombe wenyewe walikula viazi, na ndiyo maana viazi vilipooza mwaka 1845 ikawa maafa.

Na viazi, tafadhali, pika vya aina mbili: vya kuponda na vya kuoka, sahani moja. Wageni hushangaa, waache washangae. Chagua vile vya unga. Vya kuoka vichemshe kidogo, mwaga maji, vitikise sufuriani mpaka vikwaruzike pembeni, ndipo uvitupe kwenye mafuta yaliyokwisha pata moto.

Paja la nguruwe la chumvi liloweke usiku wa tarehe 23. Kesho yake lichemshe, dakika 45 kwa kila kilo, limenye ngozi, chora mafuta yake miraba kwa kisu na choma karafuu moja kila pembe. Paka haradali na sukari ya kahawia. Siku ya Krismasi linahitaji nusu saa tu ya oveni. Kijazio nacho kifanye mkesha: chenga za mkate mkavu, kitunguu kilichokaangwa kwa siagi, thaimu. Kioke kwenye bakuli lake, usimjazie bata mzinga, ataiva vibaya.

Unaona basi, siku yenyewe oveni ni ya bata mzinga. Wa kilo 5 mpe kama saa 3 na nusu kwa nyuzi 180, umpime joto pajani: nyuzi 74 ndiyo salama. Akitoka apumzike dakika 45 chini ya karatasi ya foili, na hapo ndipo viazi na nguruwe wanapoingia. Vikabichi vidogo vichemshe dakika za mwisho. Hakuna anayevipenda, lakini visipokuwepo kila mtu atauliza.

Pudingi nunua. Baba yako alishaniambia yangu ni nzito, nami nikaacha kubishana.

Nyama ya viungo ikibaki, ifunge vizuri. Tarehe 26, siku ya Mtakatifu Stefano, hakuna anayepika. Nyingine igandishe mpaka tarehe 6 Januari. Hiyo huku Cork na Kerry ni Krismasi ya Wanawake: mke anakaa na wenzake, mume anashika jiko. Kwa hiyo, mwanangu, utapika tena.

Mama yako