Kabla ya kuilaumu diski, pima umeme

Kijana unayeanza ufundi wa kompyuta hapa Tanga, iwe umekaa Ngamiani au Chumbageni, jiandae kwa kazi hii maana lazima ikufikie. Mtu ataleta sava ndogo ya kuhifadhia mafaili ya ofisi, ya diski mbili au nne, imezeeka, na atakuambia kwa uchungu kwamba diski zimekufa. Usimkubalie haraka.

Tazama dalili. Taa inawaka na kuzima, feni inajaribu kuzunguka kidogo kisha inasimama, au diski zote zinaanza kuunguruma halafu zinakatika kwa pamoja. Diski nne kufa siku moja ni nadra sana. Pawa saplai, yaani kifaa kinachoipa sava umeme, kuchoka ni jambo la kawaida.

Hapa pana jambo ambalo ukilielewa utaokoa mali za watu. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12. Diski nne ni ampea 8, yaani karibu wati 96, na bado hujahesabu mazabodi, ile bodi kuu ya sava. Zikishashika kasi, mahitaji hushuka sana. Kwa hiyo pawa saplai iliyochoka inaweza kuendesha sava miezi na miezi bila mtu kujua, ili mradi haijazimwa. Siku umeme ukikatika ukarudi, haina nguvu ya kuiwasha tena. Mteja atasema umeme umeunguza kifaa chake. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi ugonjwa ulikuwemo tangu zamani.

Kinachochoka hasa ni kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme ndani ya pawa saplai. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Sasa fikiria sava iliyofungiwa kabatini wakati wa joto la kaskazi, matundu yamezibwa na vumbi, na hewa yenye chumvi ya bahari inakula viungio.

Kazi yako ya kwanza ni kuandika namba kwenye kila diski kulingana na nafasi yake, kisha uzitoe zote. Usipime umeme wa mashaka huku data za mtu zimo ndani.

Kama sava inatumia adapta ya nje, pima volti zake kwa mita. Kama pawa saplai ni ya ndani, na plagi yake ni ile ya kawaida ya kompyuta yenye pini 24, iwashe kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Njia ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6, ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Lakini usiridhike na namba hizo bila mzigo, kwa sababu pawa saplai mbovu husoma vizuri ikiwa haina kazi. Mimi hufunga taa za breki za gari, za volti 12 na wati 21. Kila moja huvuta karibu ampea 2. Volti zikianguka hapo, umepata jibu.

Usiifungue pawa saplai yenyewe ukiwa bado mwanafunzi. Kapasita kubwa ya ndani hubeba takribani volti 325, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya kwenye soketi. Hiyo inaua.

Kwenye kununua mbadala, volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, chanya na hasi ziwe upande uleule. Adapta ya laptopu ya volti 19 isikaribie kifaa cha volti 12, hata kama plagi inaingia. Plagi zenyewe zinadanganya: tundu la milimita 2.5 huingia kwenye pini ya 2.1, ila hucheza na kukata umeme ovyo. Kwa plagi za duara zenye pini nne, pima kila pini, maana watengenezaji hawazipangi sawa.

Washa kwanza bila diski. Ikitulia, zima, rudisha kila diski kwenye nafasi yake, washa tena. Ikikuuliza kama ianze upya au ifute diski, kataa na uzime. Kufuta hakurudi.

Mafaili yakionekana, yanakili kwenye diski nyingine kabla ya lolote, na umweleze mteja kwamba kuwa na diski nyingi ndani ya boksi moja si kuwa na nakala. Usimkabidhi siku hiyohiyo. Iache ikiwa imezimwa usiku kucha, asubuhi iwashe ikiwa baridi, urudie mara kadhaa, kwa sababu kuwasha ndiko kunakoipima pawa saplai mpya.