Maumivu ya Mgonjwa Asiyeweza Kusema

"Sista, mlipokuwa mnanigeuza nilikuwa nalia. Hamkunisikia?"

Aliniambia hivyo mzee mmoja siku mbili baada ya kutolewa mpira wa kupumulia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, akakaa kwenye mashine siku sita, na katika siku hizo zamu tatu nilimhudumia mimi. Kwenye chati nilikuwa nimeandika: ametulia. Presha yake ilikuwa nzuri, mapigo ya moyo hayakupanda, wala hakuwa akihangaika. Nilimwomba radhi, naye akanipa mkono. Lakini swali lake sijalisahau, na ndilo linalonifanya niwaandikie wauguzi wanaoanza kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi, pamoja na ndugu wanaokaa kando ya vitanda vile.

Kosa langu lilianzia kwenye skrini. Ni kweli maumivu hupandisha presha na mapigo ya moyo, lakini hata homa, hofu na upungufu wa damu hufanya hivyohivyo. Tena mgonjwa anayepewa dawa za kupunguza mapigo, au dripu ya kushikilia presha, anaweza kuwa anateseka na namba zisitikisike. Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi cha Marekani unasema namba hizo si kipimo cha maumivu. Zikibadilika, zichukue kama wito wa kwenda kumchunguza mgonjwa, basi.

Kosa la pili lilikuwa kuamini kwamba aliyelazwa kwa dawa hasikii kitu. Propofoli na midazolamu humtia mtu usingizi, hazimwondolei maumivu. Unaweza kumlaza mgonjwa hadi asiweze hata kukunja uso, na kidonda bado kinamuuma. Siku hizi natuliza maumivu kwanza, halafu ndipo nauliza kama bado anahitaji usingizi.

Kabla ya kipimo chochote, muulize mwenyewe. Tunawaruka wengi mno hapa. Mpira mdomoni unazuia sauti, hauzuii akili. Mvalishe miwani yake, mwekee kifaa chake cha kusikia kama anacho, kisha sema taratibu: "Mama, kama unaumwa, nibane mkono." Subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kukata tamaa, maana dawa hufanya jibu lichelewe. Anayeweza kunyoosha kidole, mpe ubao wenye namba kubwa kuanzia 0 (haumwi) hadi 10 (anaumwa kupita kiasi).

Asipoweza kabisa, ndipo tunasoma mwili. Mimi hutumia kipimo kiitwacho CPOT, kilichochapishwa mwaka 2006 na Céline Gélinas na wenzake nchini Kanada. Kinatazama mambo manne: uso, mwendo wa mwili, kukaza kwa misuli, na jinsi mgonjwa anavyopatana na mashine ya kupumulia (aliyetolewa mpira, unasikiliza sauti yake badala ya mashine). Kila jambo lina alama 0 hadi 2, jumla 8. Zikifika 3, chukulia kwamba anaumwa, utende. Kipo pia BPS, kilichotoka Ufaransa mwaka 2001, chenye alama 3 hadi 12. Hicho kikipita 5 unachukua hatua. Chumba kizima kitumie kimoja, ili alama za zamu ya usiku zieleweke asubuhi.

Usikimbilie kumshika. Simama dakika nzima umtazame akiwa amepumzika. Je, amekunja ndita? Macho ameyafumba kwa kuyabana? Anapeleka mkono penye kidonda, au amejikausha kama anayeogopa kusogea? Mashine inalia kwa sababu anakohoa na kupigana nayo? Misuli iache mwisho: ukunje mkono wake na kuunyoosha polepole, uone kama unakataa. Ukianza na hilo utakuwa umeshamsumbua, na utakachokiona usoni kitakuwa kimetokana na wewe.

Kisha pima tena wakati wa kumgeuza. Huyu mzee wangu, akiwa amelala chali, pengine angepata 0. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha watu wazima zaidi ya 5,000, uliwauliza wagonjwa wenyewe kuhusu shughuli sita za kawaida kitandani, zikiwemo kunyonya makohozi na kubadilisha bandeji. Iliyowauma kuliko zote watu wazima ilikuwa kugeuzwa. Jambo tunalolifanya kila baada ya saa chache, mara nyingi tukiongea mambo mengine! Kwa hiyo dawa itangulie, ipewe muda wa kufanya kazi, ndipo mikono ifuate. Ukishatoa dawa, rudi umpime ndani ya nusu saa. Alama zisiposhuka, angalia na mengine: kibofu kimejaa, mpira umejikunja, hewa haimtoshi.

Alama hizo hazikuambii maumivu ni makali kiasi gani. CPOT ya 6 si sawa na mgonjwa kusema "sita." Na kuna ambao kipimo hakiwafai kabisa: aliyepewa dawa ya kulegeza misuli hana hata uso wa kukunja, kwa hiyo kama ana jeraha au amepasuliwa, chukulia anaumwa na mpe dawa. Aliyeumia ubongo naye huenda asikunje ndita. Badala yake hufumbua macho ghafla, hutoa machozi, au uso hubadilika rangi.

Hapo ndipo ndugu wanapokuwa walimu wetu. Usiwaulize tu kama wanamwona yuko vizuri. Uliza: nyumbani akiumwa, huwa anafanyaje? Mama mmoja alinijibu bila kufikiri, "Mume wangu hasemi, ila hukunja vidole vya miguu." Uso wa mumewe ulikuwa shwari, skrini shwari. Nikafunua blanketi upande wa miguuni. Vidole vilikuwa vimejikunja, vyote kumi. Tulimpa fentanili, dawa kali ya maumivu, na mama yule akabaki ameshika miguu ile mpaka vikanyooka.