Homoni "zimevurugika" zipi? Maswali yenu na majibu

Dokta, homoni zangu zimevurugika, nitumie dawa gani?

Hili naulizwa kila wiki. Homoni IPI? Mwilini zipo zaidi ya 50, kila moja na kazi yake, sa ukisema tu "zimevurugika" mimi nianzie wapi? Niambie unajisikiaje, tangu lini, unatumia dawa gani na umepima nini. Na hizo chai za "kubalansi homoni" acheni jamani, pesa zenu zinaenda bure na ugonjwa unabaki palepale.

Nimepima damu, TSH ni 18 na karatasi ina mshale wa juu. Ina maana tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi?

Hapana dada, ni kinyume chake, na hapa ndo wengi wanapopotea. TSH haitoki shingoni, inatoka pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kanakoning'inia chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha tezi ya shingo itoe homoni. Homoni ya shingo ikitosha kwenye damu pituitari inanyamaza, ikipungua inaita, isipoitikiwa inaita zaidi. Kawaida TSH inacheza kati ya 0.4 na 4 hivi, kwa hiyo 18 ni ubongo unaita na tezi haiwezi kuitika. Ndo mtu wa hivi anasikia baridi wenzake wakivuja jasho, anachoka, choo kinakuwa kigumu. Mwombe daktari akupime na T4, yaani homoni yenyewe ya tezi ya shingo. Ukianzishiwa levothyroxine, kidonge cha kuziba pengo la homoni hiyo, meza na maji matupu asubuhi kabla hujala chochote, na kama unameza vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nayo masaa 4. Afu usikimbilie maabara baada ya siku tano ukalalamika namba haijashuka, dawa hii inakwenda polepole, kipimo cha maana ni baada ya wiki 6 hivi.

Kwa nini insulini isiwe kidonge?

Ni protini. Ukiimeza tumbo linaisaga kama kipande cha nyama kabla haijafika kwenye damu.

Tezi dume nayo inatoa homoni?

Hapana, yenyewe inamwaga majimaji ya shahawa kupitia mirija. Tezi ya homoni haina mrija, inamwaga moja kwa moja kwenye damu.

Nimemeza prednisolone miezi mitatu, uso ukavimba, jana nimeamua kuacha mwenyewe. Kuna shida?

Kubwa, na rudi kwa aliyekuandikia leo hii, usingoje kesho. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali inayotoa kotisoli, ile inayoshikilia presha na sukari yako hasa ukiumwa. Prednisolone ni steroidi, yaani dawa inayofanana na kotisoli, ubongo ukaona imejaa ukaacha kuiita adrenali, miezi mitatu yote tezi imelala na kusinyaa. Ukikata ghafla ya nje haipo na ya ndani haijaamka, ndo unakuta mtu anatapika, akisimama anaona giza, presha inaporomoka, na watu wanakufa hivi. Dawa hii inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au hata miezi. Ukianza kutapika nenda hospitali saa hiyohiyo na neno la kwanza liwe "nilikuwa natumia steroidi". Nanyi wa krimu za kung'arisha ngozi msijitoe, nyingi zina steroidi kali kama clobetasol na inapenya mpaka kwenye damu.

Najichoma testosteroni kwa ajili ya mazoezi ya jimu, mwaka wa pili mke hashiki mimba. Vinahusiana?

Sana tu kaka. Ni habari ileile ya adrenali: ubongo ukiona testosteroni tele unaacha kuziita korodani, na mbegu zinaweza kwisha kabisa. Onana na daktari akusimamie kuacha, mara nyingi zinarudi ila ni kwa miezi, wengine hata zaidi ya mwaka. Na acha kumzungusha mkeo kliniki peke yake, mbegu zako zipimwe kwanza.